Nguo kunuka uvundo kabatini hata baada ya kupigwa pasi: jibu langu kutoka Kisumu

Dada uliyeuliza, pole kwa shughuli za kuhama na karibu Kisumu. Unasema kwamba ulipokuwa Nakuru ulikuwa ukipiga pasi nguo za nyumba nzima kila Jumapili alasiri, ukazikunja na kuzipanga kabatini, nazo zikakaa wiki nzima bila tatizo. Tangu uhamie Migosi miezi minne iliyopita unafanya vivyo hivyo, lakini ifikapo Jumatano shati unalolitoa kabatini linanuka uvundo, na shuka mbili zimeota vidoadoa vyeusi. Umeuliza pia kama kuna haja ya kupiga pasi kila kitu, hadi taulo na nepi, kama anavyosisitiza mama mkwe wako kutoka Butere. Mimi nimeishi Nakuru miaka tisa, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mmoja Kisumu. Katika nyumba yetu ya watu sita mimi ndiye mwenye pasi, kwa sababu mke wangu alinitangazia tangu mwanzo kwamba kukunja atakunja, lakini pasi hataishika.

Naamini tatizo lako linaanzia katika ule muda mfupi ulio baina ya pasi na kabati. Mji wa Nakuru uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukiacha miezi ya mvua, hewa yake ni ya baridi na kavu, kiasi kwamba nguo iliyobaki na unyevu kidogo huumaliza yenyewe hata ikiwa imeshakunjwa. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, katika joto na hewa iliyojaa mvuke, na nguo haina pa kuupeleka unyevu wake. Sasa tazama tunavyofanya: tunanyunyizia shati maji ili makunyanzi yalainike, tunapitisha pasi, shati linatoka likiwa la moto, nasi tunadhani kwamba kwa kuwa ni la moto basi ni kavu. Pamba haikauki upesi hivyo. Kola, pindo, mifuko na mishono ya mabegani, mahali ambapo kitambaa kimelazwa tabaka mbili au tatu, hubaki na maji ambayo mkono wenye haraka hauyahisi. Ukilikunja shati hilo papo hapo, ukalilaza juu ya mengine tisa yaliyo katika hali hiyo hiyo, kisha ukafunga mlango wa kabati, umefungia ndani unyevu pamoja na joto, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Nakuru nilifanya kosa hilo kwa miaka tisa bila kuadhibiwa hata mara moja.

Aliyenifumbua macho ni fundi cherehani mmoja wa soko la Kibuye, ambaye nilimpelekea koti abadilishe bitana, naye akalinusa kabla hata hajauliza lina shida gani. Alinifundisha kipimo ninachokitumia hadi leo: nguo ikishapoa, iguse kwa shavu, hasa kwenye kola na kiunoni, ukihisi ubaridi, bado ina maji. Tangu siku hiyo nilifunga kamba sebuleni, kutoka dirishani hadi juu ya mlango, na kila ninachokitoa chini ya pasi hukitundika hapo kwa saa moja au mbili, dirisha likiwa wazi, wala hatukunji chochote kabla ya chakula cha jioni. Wageni wakija Jumapili huikuta sebule imegeuka kibanda cha mitumba. Tumezoea.

Zile shuka zenye vidoadoa usizipige pasi kwa matumaini kwamba joto litaviondoa, kwa maana pasi huvikausha tu na doa likabaki pale pale. Zifue upya; kama ni nyeupe za pamba, zitie dawa ya kung'arisha kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha zianike juani mchana kutwa. Kabati lenyewe litoe vitu vyote, lifute, liache wazi siku nzima, na ulisogeze mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja, hasa ikiwa limeegemea ukuta wa nje unaopigwa na mvua. La kwetu lilikuwa limebanwa kwenye kona, na mgongo wake ulikuwa umeota ukungu wa kijani ambao hatukuwahi kuuona hadi siku tulipolivuta.

Jambo la pili ni saa ya kuanua. Hapa asubuhi nyingi huwa na jua safi, upepo wa ziwani huanza mchana, na mvua, ikiamua kunyesha, mara nyingi huja alasiri au jioni na radi zake. Mama fua anayetusaidia tulikubaliana naye aanze saa moja asubuhi ili kufikia saa nane nguo ziwe zimeanuliwa, hata kama mbingu ni nyeupe. Nguo zinazoachwa hadi jioni hunyonya unyevu upya, na ukikaa karibu na ziwa unaweza kukuta wale wadudu wadogo wa ziwani wamejibandika kwenye shuka nyeupe kama pilipili manga iliyomwagwa. Nakuru shida ilikuwa vumbi. Huko nilikuwa nikianua mapema kuukimbia upepo, kwa hiyo mazoea yenyewe nilikuwa nayo tayari, ingawa kwa sababu nyingine.

Tena anua kwa utaratibu. Shuka ikishikwa na watu wawili pale pale kambani, ikavutwa pembe kwa pembe ingali na joto la jua, ikapigwa mara mbili hewani na kukunjwa, huwa imenyooka kiasi kwamba sioni sababu ya kuipelekea pasi. Mwanangu wa pili, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye mwenzangu wa kuvuta shuka, na ameshajua kwamba akiachilia pembe moja ikaburura kwenye vumbi, atairudia kuifua yeye. Taulo nazo sizipigi pasi: joto hulaza zile nyuzi zake za juu na taulo likawa halinyonyi maji vizuri.

Hata hivyo, kuhusu nepi, mama mkwe wako ana sababu ya kweli, hata kama hakukueleza. Kuna nzi ambaye wengi humwita nzi wa embe, na wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, ambaye hupenda kutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na buu, akigusana na ngozi ya mtu, hupenya na kukaa humo siku 8 hadi 12 hivi akikua. Kifungua mimba wetu alipokuwa na miezi saba tulikwenda kwa nyanya yake, Vihiga, wakati wa mvua ndefu. Kamba zilikuwa zimejaa, basi nepi zikatandazwa juu ya nyasi chini ya mwembe, na mimi, kijana wa mjini mwenye haraka, nikazikunja bila pasi. Wiki iliyofuata mtoto alikuwa na majipu mawili kiunoni, kila moja na tundu dogo katikati. Nyanya alilitazama la kwanza, akacheka kidogo, akalipaka mafuta mazito ya kujipaka ili buu akose hewa, na baadaye akamwona anachungulia. Tulimpeleka mtoto zahanati kusafishwa vidonda, na ndivyo ninavyokushauri pia, kwa sababu kumkamua buu kwa nguvu kunaweza kumpasua akabaki ndani.

Nyanya huyo alikuwa na pasi ya makaa, ile yenye kijogoo cha chuma kwenye komeo la kifuniko. Aliiwashia nje chini ya upenu, kamwe si ndani ya nyumba, akaizungushazungusha hewani ili makaa yashike moto, kisha akaipitisha juu ya jani bichi la mgomba hadi likalia. Jani liliondoa masizi na kuufanya uso wa pasi uteleze. Alipiga pasi kila kilichokuwa kikigusa ngozi, ndani na nje, na kwenye mishono alikaa muda mrefu zaidi. Hakuwahi kunitajia nzi hadi siku hiyo ya majipu. Nadhani mama mkwe wako amerithi amri hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi huangalia nguo ilikaukia wapi. Iliyokaukia kwenye kamba, katika jua kali, ikining'inia mbali na ardhi, huipiga pasi tu ikiwa itaonekana na watu. Iliyokaukia kwenye nyasi, kwenye ua, au kivulini siku ya mvua, ikiwa ni nepi, chupi, fulana ya ndani au nguo ya kulalia, hupigwa pasi pande zote mbili, na mishono haiachwi. Kwenye lastiki punguza moto na utangulize kitambaa juu yake, la sivyo baada ya miezi miwili chupi za watoto zitakuwa zinashikiliwa kwa mkono.

Kazi yenyewe ya pasi hainichukui tena Jumapili nzima. Huanza na nguo za nukta moja (zile nukta zilizo kwenye kitasa cha pasi na kwenye lebo ya nguo), yaani nailoni na zinazofanana nazo, ambazo hazihitaji zaidi ya nyuzi joto 110; nikaenda kwenye poliesta na sufu, nukta mbili, nyuzi 150; nikamalizia na pamba, nukta tatu, nyuzi 200. Sababu ni kwamba pasi hupata moto upesi lakini hupoa polepole, na anayeanza na pamba kisha akarukia sketi ya shule ataniunga mkono akiona shimo. Mimi nililiona, usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, kwenye sketi ya marinda ya binti yangu, na duka la sare lilikuwa limefungwa. Pasi yangu ni ya wati 1,200, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe, saa moja ya kazi haimalizi hata uniti moja na robo. Kinachokula tokeni ni kuiwasha kila asubuhi kwa ajili ya shati moja, hasa ikiwa ni asubuhi ambayo stima nayo imeamua kupotea. Vitambaa vya mfukoni na foronya huvipiga mwisho, pasi ikiwa imeshazimwa, kwa joto lililobaki.

Shati hulianza kwenye kola, kutoka ncha kuelekea katikati, ili makunyanzi yasikusanyike kwenye ncha. Kisha mabega, mikono, na kifua mwisho. Suruali nyeusi huigeuza ndani nje isipate mng'aro. Sweta za shule siziwekei pasi kabisa. Ikiwa pasi yako ni ya mvuke, tumia maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima, kama yale tuliyokuwa nayo Nakuru, huacha chumvi nyeupe kwenye vitundu na siku moja humwaga yote kwenye blauzi ya buluu.

Katika kukunja, mke wangu ndiye mwenye sheria, nami nazitii. Leso hukunjwa jina likitazama juu, ili mtu ajue anachochukua bila kuvuruga rundo zima. Sare ya mtoto mmoja, yaani shati, kaptura au sketi, na soksi, hukunjwa pamoja kama furushi moja la siku moja, na Jumatatu asubuhi hakuna anayelia kutafuta soksi. Vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa mkono, ambavyo naona kila nyumba ya huku imeviweka, huvitia uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikavipiga pasi vikiwa bado vibichi kidogo na kwa upande wa nyuma ili maua yasilale. Vile vinavyowekwa akiba usivitie uji huo, kwani mende huupenda; tulipoteza seti nzima namna hiyo.

Umetaja pia vile vidonge vyeupe vinavyouzwa ili kuondoa harufu kabatini. Vingi ni vya nafthalini, na kwa kuwa una mtoto mchanga nakusihi usiviweke na nguo zake. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayoonekana sana katika maeneo ya malaria kama haya yetu, na kwao nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Sisi tunatumia kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa karatasi.

Na mama mkwe akija, tandika shuka mbili na foronya nne ulizozipiga pasi zikapoa vizuri, ulizoziweka kando kwa ajili yake. Sisi tunazo za namna hiyo, za chumba cha wageni, nazo hupigwa pasi pande zote mbili, hadi kwenye mishono.