Bibi Shamba, Pikipiki na Baridi ya Kitulo: Linda Shingo Kwanza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja, mwenzangu wa ugani (sisi ndio mabwana na mabibi shamba, washauri wa wakulima). Ameajiriwa karibuni, kwao Masasi, na amepangiwa kata moja huku Makete. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimepewa pikipiki, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi nikifika shambani uso siusikii. Jana nimelia machozi njia nzima, wanakijiji wakadhani nimefiwa. Unafanyaje wewe?"

Marahaba mdogo wangu. Nimecheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu hayo machozi nayajua. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikaona haitatosha, na najua mko wengi, tangu serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022. Wengi wetu tumetoka sehemu za joto, tukapelekwa Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe, na hakuna aliyetuambia kwamba pikipiki na Julai ya huku haviivi chungu kimoja. Kwa hiyo kaa nikusimulie.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu baridi ni ile ya kipupwe, unajifunika shuka moja na unalalamika. Nilipofika Matamba nilikuja na masweta mawili, nikajiona nimejiandaa. Siku yangu ya kwanza ya kupanda Kitulo kwa pikipiki ilikuwa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa na kikao na kikundi cha wakulima wa viazi. Nimevaa ushungi wangu wa kitambaa chepesi, juu yake helmeti ya wazi isiyo na kioo (vijana wa bodaboda wanaiita elementi, na mimi nimeshazoea), jaketi la jinzi, na glovu za kufulia. Usicheke, za kufulia kweli.

Tambarare la Kitulo liko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 hivi, kwa hiyo ukitoka Chimala, pale bonde la Usangu linapoishia, ukazimaliza zile kona za Hamsini na Saba, ukaendelea kupanda, umeshabadilisha nchi bila kuvuka mpaka. Asubuhi hiyo majani yalikuwa meupe kwa jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu. Mimi nikadhani ni chumvichumvi ya ng'ombe wa lile shamba la mifugo. Nilikuwa na cheti cha kilimo na sijawahi kuiona jalidi kwa macho.

Nilipofika, watu kama thelathini wamekaa wananisubiri. Nikavua helmeti, nikasema "Kamwene" kwa shida, wakaitikia. Nikafungua mdomo kuendelea, haukufunguka. Ulimi ulikuwa mzima, midomo ndiyo ilikuwa imekufa ganzi. Sasa hebu fikiria: mbegu, mbolea, mimea, pembejeo, mbawakavu. Kazi yote ya bibi shamba imejengwa kwa maneno ya kukutanisha midomo! Kila nikitaka kusema "mbolea" kinatoka kitu kama "nnolea", na mate yananidondoka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ambayo hakuona haja ya kuipunguza: "Bibi shamba ameshaonja ulanzi."

Ulanzi, pombe ya mianzi! Wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini neno hilo lilishuka mlima haraka kuliko pikipiki yangu. Baada ya siku nne nikadaiwa barua ya kujieleza kwa nini nilihudhuria kikao nikiwa nimelewa. Mimi, niliyekulia madrasa, ambaye sijawahi kuonja hata togwa iliyolala! Na Juni, jamani, wakati ulanzi ni kinywaji cha msimu wa mvua. Niliandika kurasa mbili. Sikujibiwa. Hakuna aliyeniambia nimesamehewa wala nimeeleweka, na faili langu mpaka leo lina ile barua ndani yake. Inaniuma. Najua nimeahidi kuzungumzia shingo, nakuja huko, lakini ujue kwamba ushauri huu haukutoka hewani. Umetoka kwenye barua hiyo.

Basi nikaapa sitapoa tena. Nikaanza kununua.

Kwanza nilinunua mzula mzito, ule wa kuziba uso wote na kuacha macho. Makosa mawili. Kwanza, helmeti haikukaa: mzula mnene unaisukuma juu, mkanda haufiki kidevuni sawasawa, ukianguka inachomoka kabla yako. Pili, pumzi. Ukiziba pua na mdomo kwa sufi, pumzi inapanda juu machoni. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapata helmeti yenye kioo, na kioo kikajaa ukungu wa ndani, nje kuna ukungu wa Kitulo, nikawa naendesha kama mtu aliyefungwa kitambaa kwenye mchezo wa watoto. Tena ile pumzi inalowanisha sufi, na sufi iliyolowa mbele ya mdomo, mbele ya upepo, ni afadhali ungebaki uchi.

Kisha nikanunua skafu. Hapa nisikilize vizuri.

Ilikuwa skafu ndefu ya mtumba, nzuri kwelikweli, ya rangi ya machungwa, nikaizungusha shingoni mara tatu na kuchomeka ncha zake kwenye jaketi. Kwa wiki mbili nilijisikia malkia. Siku ya tatu ya wiki ya tatu nilikuwa nateremka kuelekea Matamba, ncha moja ikachomoka bila mimi kujua. Nilichosikia ni mtu ananivuta kwa nyuma. Nilidhani kweli ni mtu. Kumbe ncha imeingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma na inajisokota. Kilichoniokoa ni ubovu wa skafu yenyewe, ilikuwa imeliwa na nondo sehemu moja ikachanika hapohapo. Nilianguka mtaroni, pikipiki juu ya mguu, na shingo yangu ilibaki na alama kama ya kamba kwa muda mrefu. Mama yangu alipoiona kwenye picha alipiga simu akilia, akaniambia niache kazi nirudi nyumbani nikauze mafuta ya nazi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na ningeweza kuishia hapa: kitu chochote chenye ncha hakikai shingoni kwa mtu wa pikipiki. Si skafu, si shali, si kanga, si mtandio. Dada zangu wa ushungi, na mimi ni mmoja wenu, ncha zote ziingie ndani ya nguo na zibanwe kwa pini, kisha nguo ya juu ifungwe mpaka mwisho. Na abiria wako mkague kabla hajapanda.

Nilipopona nilikwenda kumtembelea bibi mmoja anayelima pareto, ambaye ndiye mtu wa kwanza huku kuniita mwanangu. Nikamwonyesha shingo. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Uso wako unauma wapi?" Nikamwonyesha mashavu, masikio, midomo. Akaniwekea kiganja chake hapa chini ya koo, kilikuwa cha moto, ametoka kukoka kuni. Akasema, "Ziba hapa kwanza." Nikaona ni maneno ya wazee tu.

Lakini alikuwa sahihi, na nimekuja kuelewa kwa nini. Shingoni damu ya moto inapita karibu sana na ngozi ikielekea kichwani. Na hapo ndipo pana mlango: helmeti inaishia juu, jaketi linaanzia chini, katikati kuna nafasi ya vidole vinne ambayo upepo unaingia, unashuka kifuani, unazunguka mgongoni. Ukiziacha hizo nafasi ukahangaika na mashavu, unafunga madirisha na mlango uko wazi. Na upepo si jambo dogo. Kuna kanuni ya kukokotoa baridi ya upepo inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001. Ukiingiza nyuzi 5 za asubuhi na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 2 chini ya sifuri. Wewe mwenyewe ndiye unayejitengenezea baridi kwa mkono wa kulia. Punguza mpaka 40 kwenye tambarare, utaona tofauti bila kununua chochote.

Sasa ufumbuzi wangu, na hapa mniruhusu nijisifu kidogo.

Nilichukua pulneki ya mtumba, ile ya sufi yenye shingo ndefu ya kukunja. Nikaikata: shingo nzima nikaiacha, pamoja na kipande cha kifuani na cha mgongoni, kila kimoja urefu wa shubiri moja. Mikono na tumbo nikatupa (uongo, nilifanya matambara ya kufutia mnyororo). Ukiivaa inaingia kichwani kama mrija, haina ncha, vipande vya chini vinalala ndani ya jaketi na kuziba ule mlango. Ilikuwa nzuri lakini upepo bado ulipenya, kwa sababu sufi inatunza joto tu pale hewa iliyomo imetulia. Nikafikiria wiki nzima. Siku moja mwavuli wangu ukavunjika kwa upepo, na nikaona: kitambaa cha mwavuli! Hakipitishi upepo, ni chepesi, kinakunjika. Nikakishonea mbele, kuanzia kidevuni hadi kifuani, upande wa nje. Nyuma nikaacha sufi tupu ili jasho lipate pa kutokea.

Asubuhi iliyofuata nilivuka Kitulo nikiimba.

Na uso? Uso ulipona wenyewe zaidi ya nusu. Uliobaki ni mambo madogo. Helmeti ya kuziba uso mzima yenye kioo, hilo si la mjadala, nunua hata kwa kuuza kuku. Ile shingo ya pulneki ivute mpaka juu ya mdomo lakini iishie chini ya pua, pumzi itoke kwa chini. Ndani ya kioo paka sabuni ya kuoshea vyombo kidogo sana, ifute kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane, ukungu utachelewa kushika. Ukianza kushika fungua kioo upana wa kidole. Mafuta ya mgando mashavuni na midomoni, si losheni ya majimaji. Kofia nyepesi inayobana masikio chini ya helmeti, nyepesi nimesema. Na uwe na kitambaa cha pili kikavu mfukoni, ukifika katikati ya safari simama ubadilishe. Simama. Hakuna kikao cha viazi kilichowahi kuharibika kwa dakika tano.

Vijana wa bodaboda wengi wanavaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate mwanya kifuani. Wageni wanawacheka. Mimi siwacheki, linafanya kazi, ila peke yake haligusi shingo, na ukianguka ni kazi kumvua mtu jaketi la namna hiyo.

Leo ukienda sokoni utaona fundi cherehani mmoja ametundika "shingo za bibi shamba" kwenye kamba, zenye kitambaa cha mwavuli mbele. Hajaniuliza. Hajanipa hata moja. Nilipomwambia ni wazo langu akaniuliza kama nina hati. Sawa. Lakini nikipita barabarani asubuhi na kukutana na madereva watatu wamevaa kitu nilichokibuni kwa mkasi wangu, moyo wangu unajaa, na ile barua ya kujieleza inapungua uzito kidogo. Kidogo tu.

Ninachowaambia nyinyi mnaopangiwa huku, msikimbilie kuomba uhamisho kila Julai. Nimewaona. Barua ya uhamisho inaandikwa kabla ya kumwuliza jirani anavaaje. Tunakuja na vyeti, tunawafundisha wakulima jinsi ya kupanda viazi ambavyo babu zao walipanda, halafu tunatetemeka mbele yao kwa sababu hatukutaka kuuliza swali la mtoto. Ningemwuliza yule bibi siku ya kwanza, nisingelewa ulanzi ambao sikuunywa. Na wengine mnaniandikia "dada, huku ni jehanamu." Jehanamu ina jalidi wapi? Subirini mvua zianze, mtaona kwa nini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, maua yamefunika tambarare lote, watu wanalipa nauli kutoka mbali kuja kuyaona na nyinyi mnapita katikati yake mkilipwa mshahara. Shukuruni.

Nimehubiri, naona. Mama yangu husema nimerithi kwa babu.

Kijana wa Masasi, nimekushonea moja. Jumamosi nashuka Chimala, nitampa kondakta wa basi la Njombe, wewe itume namba ya mtu atakayeipokea kwa upande wako. Nitumie pia kipimo cha kichwa chako, si cha shingo, maana shida iko kwenye kupita. Rangi usichague. Ni nyeusi yenye maua ya zambarau, ndivyo mwavuli ulivyokuwa.