Sauti inatikisika nikitembea: nijiandae vipi kwa usaili wa kikosi cha DCI?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 18, naishi Louisville, Kentucky. Tarumbeta nilianzia kwenye bendi ya kanisa Kigoma, na sasa niko kwenye bendi ya gwaride ya sekondari. Desemba nataka kwenda kwenye usaili wa kikosi kimoja cha Drum Corps International (DCI, chama cha Marekani cha mashindano ya vikosi vya gwaride vya vyombo vya shaba na ngoma), na karatasi zao za mazoezi nimeshapakua. Nikipiga nimesimama sauti ni nzuri. Nikianza kutembea inatikisika, na nikirudi kinyumenyume ndiyo balaa. Noti za juu nazo zinakata baada ya dakika kumi hivi. Nimebakiwa na wiki kumi. Nianzie wapi? Na je, nibadilishe chombo, maana nasikia wapiga tarumbeta ni wengi mno?

JIBU: Marahaba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hayo matatizo mawili ni ugonjwa mmoja. Mwili ukiyumba, mkono unaikandamiza mauthipisi (kile kipande cha kupulizia) mdomoni ili isicheze. Damu inabanwa, midomo inakufa ganzi, na baada ya dakika kumi hakuna tena kinachoweza kutetema kule juu. Kwa hiyo weka kando mazoezi ya noti za juu kwa sasa. Sehemu kubwa ya wiki zako kumi iende kwenye miguu na pumzi.

Kwanza jua mtikisiko unatoka wapi. Weka simu irekodi kutoka mita tano, washa metronomu kwa mapigo 80 kwa dakika, kisha shika G ya mstari wa pili (kwenye piano ni F) kwa sauti ya wastani. Mapigo manane umesimama, manane unachapa mguu palepale, manane unakwenda mbele, manane unarudi nyuma, kila sehemu kwa pumzi yake. Halafu sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, maana spika ya simu huficha mengi.

Sauti ikianza kuchezacheza ukiwa unachapa mguu palepale, miguu usiilaumu, bado haijakupeleka popote. Tatizo liko juu ya kiuno. Mara nyingi mabega yanapanda pamoja na magoti, au viwiko vimegandana na mbavu na kila mwili unapotikisika unaisukuma tarumbeta. Achanisha viwiko na mbavu kiasi cha ngumi moja, na mdomo mpana wa tarumbeta uelekee juu kidogo ya usawa, takriban digrii 10. Kisha kagua mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ndio unaobeba chombo. Wa kulia kazi yake ni pistoni tu, vile vitufe vya kubonyeza. Kile kidole kidogo ukikiingiza kwenye ndoano, bila kujua utaanza kuivuta tarumbeta usoni. Kitoe, kikae juu ya ndoano. Jaribu hivi: G haihitaji pistoni yoyote, basi ipige ukitembea huku mkono wa kulia umeuning'iniza kabisa. Sauti ikitulia, umemkamata mwizi.

Ikianza kutikisika unapokwenda mbele, ni namna unyayo unavyotua. Kipimo cha kawaida cha vikosi hivi ni hatua nane kwa kila yadi tano, yaani hatua moja ni sentimita 57. Kwenye uwanja wa futibo ya Kimarekani huhitaji kupima, mistari mirefu tayari imepishana kwa yadi tano. Kwenye maegesho ya magari chora kwa chaki kila baada ya mita 4.57. Kosa la karibu kila anayeanza ni kurusha hatua mbili za kwanza kubwa, halafu kuzibana zilizobaki ili afike mstarini sawasawa. Mwendo unakatika na pumzi inakatika nao. Tanguliza kisigino, vidole vimenyanyuliwa juu, kisha unyayo ushuke polepole mpaka kisigino cha mguu wa pili kinapogusa chini. Vidole vikianguka vyote kwa mpigo mmoja, utausikia huo mpigo ndani ya noti. Misuli ya mbele ya muundi itauma wiki ya kwanza, hilo ni la kawaida. Maumivu makali juu ya mfupa wenyewe si ya kawaida: pumzika siku mbili tatu, na yakiendelea umwone daktari. Vikosi vingine hutembea na goti limenyooka, vingine hulikunja. Fuata karatasi za kikosi unachokwenda na video zao, usichanganye mitindo miwili.

Kurudi nyuma kuna chanzo kimoja kikubwa: kisigino kinagusa ardhi. Kikigusa, mshtuko unapanda uti wa mgongo moja kwa moja hadi kwenye meno. Tembea kwa sehemu ya mbele ya unyayo, visigino vyote viwili vikiwa juu kidogo tu ya ardhi muda wote, uzito wa mwili uegemee mbele kidogo. Chanzo cha pili ni kuchota hatua kubwa kwa kiuno. Paja lote litoke kwenye nyonga, kiwiliwili kisijue kwamba miguu inafanya kazi.

Mambo haya yafanye kwa ngazi nne, kila siku, kwa hatua 16 mbele na 16 nyuma: miguu peke yake, miguu na pumzi, miguu huku unapuliza hewa kwenye tarumbeta bila kutoa sauti, mwisho miguu na noti. Ukiruka ngazi ya tatu mtikisiko unarudi, kwa sababu hapo ndipo unaposikia hewa inavyokatika kabla noti haijaificha. Ikikatika, rudi ngazi ya pili papo hapo.

Pumzi yenyewe: vuta kwa mapigo manne, toa kwa manne, vuta kwa mawili, toa kwa manane, vuta kwa moja, toa kwa manane. Koo liwe wazi, na isisikike sauti ya kukwaruza wakati wa kuvuta. Hewa isisimame kule juu. Ukifika juu, igeuze itoke saa hiyohiyo; wanaoibana nusu pigo ndio ambao noti yao ya kwanza hupasuka au huchelewa. Hata kuachia noti ni kazi ya pumzi. Noti ikiandikwa iishie pigo la kwanza, kwenye pigo hilo vuta hewa, sauti itakoma yenyewe. Ukiikata kwa ulimi utatoa «tat» kali, na watu 70 wakifanya hivyo kwa nyakati tofauti kidogo ni vurugu tupu. Wasaili husikiliza mwisho wa noti kwa makini kuliko vijana wengi wanavyodhani.

Sasa kuhusu usaili wenyewe. Vikosi hutofautiana, ila kwa kawaida utakaa na mwalimu mmoja dakika chache: skeli, zoezi moja au mawili kutoka kwenye karatasi zao, na vipande vifupi ulivyojiandalia, kimoja cha taratibu na kimoja cha haraka. Halafu mtapiga kwa pamoja, na kutakuwa na sehemu ya miondoko na kutembea. Wanakutazama kambi nzima, si kwenye hizo dakika chache tu. Mazoezi ya karatasi uyajue kwa kichwa, kwa sababu uwanjani hakuna karatasi.

Kila siku anza na noti ndefu zinazoshuka nusu toni kutoka G: G, F#, G, kisha G, F, G, na kuendelea hadi C# ya chini. Zoezi hili linakupitisha kwenye michanganyiko yote saba ya pistoni, na linafichua kasoro za chombo. D na C# za chini huwa juu mno kwa maumbile ya tarumbeta. Sukuma slaidi ya tatu (mrija wa kusogeza wa pistoni ya tatu) nje, na kwa C# uisukume zaidi kuliko kwa D. E ya nafasi ya juu kwenye mistari, kinyume chake, huwa chini. Tumia tyuna (kifaa kinachoonyesha kama noti iko juu au chini) kujua tabia za chombo chako, halafu izime na upige juu ya noti moja inayoshikiliwa na programu ya simu. Sababu ni hii: katika kodi ya meja (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) anayepiga noti ya tatu anatakiwa awe chini ya sindano ya tyuna kwa takriban senti 14 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Aliyezoea kuitii sindano tu atakuwa «sahihi» peke yake, na kodi nzima itauma masikio.

Kipande cha taratibu kwako kisiwe shida. Chukua tenzi unayoijua vizuri, sauti ya kwanza, beti moja. Ila pale ulipozoea kuitetemesha noti ndefu na kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama matarumbeta ya harusini, hapa acha. Wanataka sauti iliyonyooka, inayoanza moja kwa moja katikati ya noti na kubaki na unene uleule hadi mwisho. Kwa masikio yangu tenzi ikipigwa hivyo hupungukiwa utamu fulani, lakini tarumbeta ishirini na zaidi haziwezi kusikika kama moja kila mtu akitetemesha kwa namna yake.

Noti za juu zitarudi zenyewe mkandamizo ukipungua. Kwa nafasi za tarumbeta ya pili na ya tatu, A ya juu ya mistari iliyo safi na iliyotulia ina thamani kuliko C ya juu inayopigwa kwa bahati. Ukiulizwa unafika wapi, taja noti unayoweza kuishika mapigo manane huku unatembea.

Muda wa kila siku: dakika 80 zinatosha, uzigawe asubuhi na jioni, na ndani ya kila kipindi pumzisha mdomo karibu sawa na muda uliopiga. Wiki tatu za mwanzo ni ngazi zile nne na noti ndefu tu. Kuanzia ya nne ongeza mazoezi ya karatasi, kwanza polepole, ukipandisha metronomu mapigo manne kwa mara. Wiki mbili za mwisho jirekodi kila siku ukipiga usaili mzima bila kusimama.

Kuhusu kubadilisha chombo: tangu mwaka 2000 DCI iliporuhusu vyombo vya kii (ufunguo wa muziki) nyingine badala ya zile byugo (tarumbeta za kijeshi) za G za zamani, vikosi vingi vilihamia tarumbeta na baritoni za B♭, melofoni za F (chombo cha gwaride kinachoshika nafasi ya honi ya Kifaransa) na tuba za B♭. Vidole vya melofoni ni vilevile vya tarumbeta, na wapiga tarumbeta wengi hupata nafasi huko. Lakini si mlango wa uchochoroni. Melofoni huyumba zaidi kwenye tyuni, na sauti yake inataka hewa pana, ya taratibu. Usiipige kwa mauthipisi ya honi ya Kifaransa iliyowekewa adapta, noti zitakukimbia. Tumia mauthipisi yake yenyewe. Kama shule yako inayo, iazime wiki hii na uipe siku kumi. Noti za kati zikikaa mahali pake, jiandikishe vyombo vyote viwili. Zisipokaa, baki na tarumbeta yako. Hakuna haja ya kununua chombo kwa sababu vikosi huwa na vyao. Wewe njoo na mauthipisi uliyoizoea. Kwa tarumbeta, ya ukubwa kama Bach 3C au 5C inatosha. Zile ndogo mno za kupigia juu hukondesha sauti, na wasaili huzitambua kabla hujamaliza skeli ya kwanza.

Kikosi kikitaka video kwanza, simu iwe mlalo, mita tatu au nne kutoka ulipo, miguu ionekane. Ukiisogelea, maikrofoni itazibana sauti kubwa na ndogo zifanane. Bafuni na ngazini pana mwangwi, na mwangwi huficha makosa. Wasaili wanaujua mtego huo.

Kambini nenda na begi la kulalia na godoro la upepo (mara nyingi mnalala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule), nguo za mazoezi zinazobana kiasi ili magoti yaonekane, raba zenye soli nyembamba, chupa kubwa ya maji, mafuta ya pistoni, penseli. Ukirekebishwa, usijieleze. Badilisha kwenye jaribio linalofuata, hata kama bado si kamili. Mwalimu anapima kasi ya kubadilika kwako kuliko ubora uliokuja nao.

Mwisho, hesabu. Umri haukubani: anayetimiza miaka 22 kabla ya Juni 1 ndiye asiyeruhusiwa msimu huo. Baada ya usaili kuna kambi za wikendi majira ya baridi, mnahamia kambini Mei, mnazunguka Marekani hadi fainali za Agosti kwenye Lucas Oil Stadium, Indianapolis, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka kwako. Ada ya msimu kwa vikosi vya daraja la juu mara nyingi huzidi dola 4,000, na ada ya kambi ya usaili hulipwa kando. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu kwa maandishi: malipo yanagawanywa kwa awamu ngapi, kuna msaada gani kwa familia zenye kipato kidogo, na kiasi gani hurudishwa ukiumia au ukijitoa kabla ya Mei.