Kwa nini hatuwafungi wazee kitandani

Mdogo wangu, juzi uliniuliza kwenye kundi la familia kama ni kweli mimi dada yako nalipwa dola huku Marekani kwa kukaa usiku na wazee waliolala. Binamu akadakia: kama wanaangukaanguka, si mngewafunga tu kitandani? Nilikuwa nimetoka zamu, sikuwa na nguvu ya kujibu. Leo najibu.

Kufunga hakuruhusiwi. Sheria ya Marekani ya 1987 ilimpa mzee anayeishi kwenye nyumba za matunzo haki ya kutofungwa mikanda ili tu kumrahisishia mhudumu kazi. Zamani walifungwa, na wapo walionyongwa na mikanda hiyohiyo wakijinasua. Hata vile vyuma vya pembeni mwa kitanda vina hatari yake: mzee aliyechanganyikiwa huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Na mtu asiyeachwa atembee, miguu yake huisha nguvu, siku akisimama ndiyo anaanguka kweli.

Kwa hiyo kinachobaki ni kumjua mtu. Hapa Minnesota ninaye babu mmoja aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Kumbukumbu zimempotea, lakini saa kumi alfajiri lazima ainuke akakamue. Tulipokuwa tukimrudisha kulala, aliinuka tena gizani na kuanguka. Siku hizi saa kumi kasoro robo niko mlangoni kwake. Namkalisha ukingoni mwa kitanda dakika chache kwanza, maana kwa dawa zake za presha akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Namvalisha viatu, nampeleka chooni, kisha tunakwenda kukaa dirishani. Namuuliza habari za ng'ombe wake, ananisimulia mmojammoja kwa majina.

Wengi huanguka wakienda kukojoa. Kengele ipo kitandani lakini bibi wa watu haibonyezi, anaona haya kumsumbua mtu. Bibi yetu naye alikuwa hivyohivyo, unakumbuka.

Usiku mmoja mwenzangu hakuja na hakuletwa mwingine. Nilikuwa namgeuza mgonjwa chumba cha mwisho niliposikia kishindo. Nilikuta mama mmoja sakafuni, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Hapo unajua nyonga imevunjika. Humnyanyui. Unamfunika blanketi, unamshika mkono, unamwita nesi. Alikuwa ananiomba radhi mimi. Alifanyiwa upasuaji akarudi, lakini hakutembea tena, na kabla theluji haijayeyuka alifariki. Mpaka leo nikisikia kitu kizito kimeanguka moyo unanipasuka. Hiyo ndiyo kazi unayoiona ni ya kukaa, na mgongo wangu unaijua pia.

Sasa na mimi nikuulize. Mama aliteleza bafuni mwezi uliopita, nikaja kuambiwa na jirani. Mlisema "kajikwaa tu". Hapa Marekani zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne waliofikisha miaka 65 huanguka kila mwaka, na aliyeanguka mara moja ndiye wa kuchungwa zaidi. Usinifiche tena.

Ule mkeka mdogo wa mlangoni uondoe. Ndala zake zilizolika chini zitupe, mnunulie viatu vya kufunika kisigino, vinavyoshika mguu. Taa ya ukumbini iwake usiku kucha, umeme nitalipa mimi. Vigae vya bafuni visugueni povu la sabuni liishe. Dawa zake zote, hata anazonunua mwenyewe duka la dawa, zipige picha unitumie, halafu mpeleke nazo kwa daktari akapimwe na macho.

Pesa ya fundi nimetuma leo asubuhi. Afunge chuma cha kushikia pale kwenye choo cha kuchuchumaa, kiingie kwenye tofali lenyewe, kisiishie kwenye plasta. Kiwe upande wa kulia, mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Kabla Mama hajakitumia, kining'inie wewe mwenyewe.