Shanta Mgongoni, Oman ya Ndani

SWALI: Mhariri, ningependa kusafiri na shanta mgongoni katika miji ya Uarabuni isiyojaa watalii. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia Nizwa, nchini Oman. Fika Alhamisi jioni, kwani Ijumaa asubuhi mapema mbuzi huzungushwa kwa kamba mbele ya wanunuzi waliokaa duara, na mnada humalizika kabla jua halijawa kali. Kisha panda hadi kijiji cha mlimani cha Misfat al Abriyin, ambako maji ya falaji, yaani mfereji wa kale, hugawanywa kwa zamu katika mashamba ya mitende. Mifereji mitano ya aina hiyo iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mabasi huko ni haba, hivyo tenga riyali za teksi. Kiswahili nacho kisikutoke mdomoni, maana Waomani wenye asili ya Zanzibar bado wanakizungumza.