Acheni kumwaga lesithini kwenye siagi ya korosho

Wadogo zangu mnaoanza kusindika hapa Mtwara, msimu ukifunguliwa tu Oktoba swali ni lile lile: "Kaka, siagi imetoa mafuta juu, niongeze lesithini kiasi gani?" Usiongeze! Nimesema kwenye mafunzo, nimesema sokoni, na bado wiki hii nimemkuta mtu anakoroga.

1. Lesithini ni emalsifaya, yaani kitu cha kushikanisha maji na mafuta. Emalsifaya hukaa mpakani: upande wake mmoja unapenda maji, wa pili unapenda mafuta. Ndiyo maana mayonezi hushikana, kiini cha yai kina lesithini yake. Siagi ya korosho haina maji ya kutaja. Ni chembe za korosho ndani ya mafuta yake yenyewe, kama gramu 44 kwa kila gramu 100. Sasa hiyo lesithini ipatanishe nani na nani? Itafanya siagi iwe nyepesi, chembe zizame upesi zaidi. Saga laini, hifadhi pa baridi, au yeyusha humo mafuta magumu ya mimea, asilimia moja au mbili, siagi ikiwa bado ya moto. Ukishindwa, andika "koroga kabla ya kula". Hakuna aibu.

2. Maji. Hapa mnivumilie, maana mjuaji nilikuwa mimi. Nilijiambia: kama emalsifaya inataka maji, nitaipa maji. Kulikuwa na oda ya hoteli, na chupa zote zilikuwa na mafuta juu. Nikatia maji kidogo, siagi ikakaza kama udongo wa kufinyangia. Badala ya kuacha, nikaongeza maji, nikaongeza na lesithini, hadi ikalainika, nyeupe, inang'aa. Nikapiga picha nikaweka status. Watu wakasifia, nami nikajibu kila mmoja. Hoteli nao wakasifia, mwanzoni. Kisha ikaja simu: vifuniko vimevimba, na ndani kuna ukungu wa kijani. Kumbe siagi kavu hudumu kwa sababu ukungu na hamira havina maji ya kunywa, na mimi niliwapelekea maji na chakula kwenye chupa moja. Nilizirudisha kwa bodaboda. Njia nzima dereva ananusa, mwishowe akauliza bei ya uraka, ile pombe. Nikamwambia uraka unatoka kwenye mabibo, huu wangu umetoka kwenye korosho yenyewe. Hakucheka. Hela ya hoteli nililipa kidogo kidogo mpaka msimu uliofuata.

3. Mnaotengeneza maziwa ya korosho, ninyi lesithini inawahusu. Ianzie kwenye mafuta, si kwenye maji baridi, la sivyo inabaki madonge. Na moto taratibu: korosho ina wanga, ukichemsha sana unapata uji.

4. Usalama. Lesithini, ambayo namba yake kwenye lebo za vyakula ni E322, haitishi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Ulaya iliona hakuna haja ya kuiwekea kikomo cha kula kwa siku. Polisobeti, emalsifaya nyingine zinazosaidia vitamini vya mafuta kuchanganyika na maji kwenye virutubisho, zina kikomo: miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwaka 2015 polisobeti 80 na CMC, unga wa kuzitisha vyakula, zilivuruga bakteria wa utumbo wa panya na kufanya utumbo wao uvimbe. 2022 CMC ikajaribiwa kwa watu 16, baadhi wakipewa gramu 15 kwa siku, nyingi mno kuliko utakazotia wewe, na bakteria wao wakapungua aina. Binafsi, nisipohitaji situmii. Ila hatari iliyo karibu zaidi ni ile CMC ya kuzitisha sabuni ya maji, inayouzwa pamoja na sles, kemikali ya kutoa povu. Hiyo si ya chakula, hata muuzaji aape.

5. Lebo. Usiandike "E322" peke yake, andika "lesithini ya soya". Mwenye mzio wa soya hajui namba, anajua midomo kuvimba. TBS, Shirika la Viwango, watauliza hayo hayo. Na msiandike tarehe kwa maka pen: mkono wenye mafuta ukishika chupa mara moja, tarehe imekwenda.