Meli ikitia nanga Mombasa siku moja: Malindi, Kilifi au Diani?

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Meli inafunga gatini Kilindini saa moja asubuhi, mwisho wa kupanda ni saa kumi na moja jioni, mko watano pamoja na mama mkwe anayeumwa magoti, na mnataka kwenda wenyewe bila safari zinazouzwa melini. Umetaja Malindi, Kilifi na Diani. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeendesha gari la watalii miaka tisa, na asubuhi nyingi za miaka hiyo nimezimaliza nje ya geti la bandari nikingoja abiria wa meli. Malindi iacheni.

Malindi ni mji mzuri, sina neno nao. Kuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale 1498, na kabla hujaingia mjini unapita Gede, magofu yaliyomo ndani ya msitu, ambayo UNESCO iliyatia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Hakuna magofu ninayoyapenda kama yale. Lakini ni kilomita 120 hivi kutoka Mombasa, na barabara yenyewe ndiyo ile ya foleni inayopita mji wa Mtwapa. Meli ikifika saa moja, msitegemee kuwa garini kabla ya saa mbili na nusu, maana kuna ukaguzi na foleni ya kushuka. Mtafika Malindi karibu na saa sita, jua la utosi. Ili mrudi kwa utulivu, saa nane muwe mshageuza gari. Saa mbili za kukaa mjini kwa saa tano au sita za kukaa garini, na mama mkwe mwenye magoti!

Hilo sikulisikia kwa watu. Niliwahi kuwapeleka wageni wanne Malindi, mke na mume na wazazi wao, kwa sababu waliniomba sana na mimi nikashindwa kuwakatalia. Kwenda hatukupata shida. Kurudi, lori liliharibika mbele yetu tukiukaribia Mtwapa, magari yakasimama pande zote mbili, matatu zikapanda pembeni kwenye vumbi na kuziba hata ile nafasi iliyobaki. Tulikaa pale dakika arubaini bila gurudumu kuzunguka. Kwenye kioo nilimwona yule mama mzee ameukumbatia mkoba wa pasipoti kifuani, midomo inacheza, hasemi na mtu. Tuliingia getini zimebaki dakika kumi na mbili. Walinishukuru, lakini siku ile nilijua nimewakosea, na tangu hapo anayeniomba Malindi kwa siku moja ya meli namwambia hapana.

Na hili mlishike: mkinunua safari ya meli na basi likachelewa, kwa kawaida meli inawangoja. Mkienda wenyewe, haiwangoji. Mtaitafuta bandari inayofuata kwa gharama yenu. Tena ulizeni kabla ya kushuka kama saa ya melini ni sawa na saa ya hapa, kwa kuwa zipo meli zinazoendelea na saa yake.

Diani inawezekana. Wengi wanaiogopa kwa ajili ya feri ya Likoni, na wana haki, foleni yake inaweza kula saa nzima. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kupitia Miritini hadi upande wa kusini, ni ndefu zaidi lakini hungoji chombo. Kama watoto wanataka mchanga na kuogelea tu, nendeni. Ila angalieni maji kwanza. Maji yakipwa, bahari inajitoa mpaka karibu na miamba, na watoto watabaki wanatembea kwenye mwani na vidimbwi badala ya kuogelea.

Kilifi ni kilomita 60 hivi, mandhari ya mkono wa bahari kutoka darajani yanatuliza roho, na magofu ya Mnarani yapo kabla hujavuka. Kama mngekuwa wawili bila mzee ningewaambia nendeni.

Kwenu nyinyi ninapendekeza mji ambao hukuutaja: Mtwapa, kisha Mji wa Kale. Ukishavuka daraja la Mtwapa kwenda mbele kidogo, kuna njia ya kulia inayoteremka hadi Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliobaki magofu juu ya ufuo. Asubuhi watu wanaingia kisiwani na nyinyi mnatoka, kwa hiyo daraja la Nyali halitawasumbua sana. Mchana mtarudi wakati wengi hawajaanza kutoka kazini. Jumba hakuna umati. Mnatembea chini ya mibuyu, upepo wa kaskazi unapiga, na mama mkwe atapata pa kukaa kivulini. Msikitini karibu na bahari liangalieni birika la kutawadhia: yamepachikwa matumbawe ya mviringo, mtu alikuwa anasugulia nyayo kabla ya kuingia kusali. Kila nikifika hapo huwainamisha watoto wayaguse kwa kiganja. Wanaelewa papo hapo kwamba palikuwa na watu kama wao, wenye miguu yenye vumbi. Nyuma ya msikiti kuna makaburi, na moja lina aya isemayo kila nafsi itaonja mauti. Wageni wengi hunyamaza wakifika hapo, hata wasiojua Kiarabu.

Saa sita mle Mtwapa, samaki wa kupaka au biriani, kisha mrudi kisiwani. Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ni mwendo mfupi kutoka bandarini. Mahali pa mbali mwende asubuhi, pa karibu mmalizie. Hata tuktuk ikizima, mtapata nyingine na kufika. Ngomeni kuna ngazi, mama akikataa abaki chini na mmoja wenu, au akae barazani kwa muuza kahawa mwenye dele lake, apate kikombe cha kahawa chungu na kashata. Ikiwa ni Ijumaa, mjue kuanzia saa sita maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa kwa ajili ya sala. Wanawake mbebe kanga, mtazihitaji mkipita karibu na misikiti. Saa kumi kasoro robo anzeni kurudi melini, msingoje ifike kumi.

Dereva mpataneni bei ya siku nzima kabla ya kupanda, na mumlipe mkirudi getini, wala si asubuhi. Dereva muungwana hatakataa.

Nitajie tarehe, nikuangalizie maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo. Kama yatakuwa yamejaa asubuhi, watoto wanaweza kuchovya miguu palepale chini ya Jumba kabla hamjala.