Amri ya mgeni imo tangu Torati
Ndugu, unasema amri ya kumpenda mgeni ilianza na Agano Jipya. Hapana, haikuanza huko. Soma Walawi 19:33-34: mgeni anayeishi kwenu ahesabiwe kama mzaliwa, umpende kama nafsi yako, na sababu imetajwa hapohapo, kwamba Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Sura hiyohiyo, mstari wa 9-10, inaagiza masazo ya mavuno aachiwe maskini na mgeni; ndivyo Ruthu, mwanamke mgeni kutoka Moabu, alivyopata shayiri Bethlehemu.

Ila angalia, Kiswahili kinatuchanganya kidogo. Kiebrania kina "ger", aliyehamia akakaa, na "nokri", wa nje kabisa. Wote tunawaita mgeni. Kumbukumbu la Torati 23:20 inayoruhusu kumtoza mgeni riba inamhusu huyo wa pili.